Hifadhi ya nishati katika kuanguka na kuzunguka

Hifadhi ya nishati katika kuanguka na kuzunguka ni njia ya fizikia ya kuchunguza vitu vinavyoshuka, vinavyobingirika au vinavyozungusha vitu vingine, kwa kufuatilia nishati yake badala ya kupima kani zote zinazovigusa kila wakati. Njia hii hutegemea kanuni ya hifadhi ya nishati, inayosema kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, bali hubadilika kutoka umbo moja kwenda jingine.

Kitu kikishuka, nishati iliyotokana na kimo chake hugawanyika katika mafungu matatu: mwendo wa kusonga mbele, mwendo wa kuzunguka, na joto linalotokana na msuguano. Anayejua mgawanyo huo anaweza kukadiria kasi ya kitu mwishoni mwa mteremko bila kujua kila kilichotokea njiani.

Makala hii inatumia mifano kutoka Moshi na miteremko ya Kilimanjaro nchini Tanzania. Kilele cha Kibo kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Moshi uko chini yake kwenye kimo cha mita 900 hivi. Kati ya sehemu hizo mbili maji, mawe na magari hushuka kila siku, na hesabu ya nishati yake ni suala la umeme, maji ya shamba na usalama wa watu.

Aina za nishati zinazohusika

Nishati tuli ya graviti ni nishati ambayo kitu kinayo kwa sababu ya kimo chake. Huhesabiwa kwa kuzidisha masi (m) ya kitu kwa kilo, mchapuko wa graviti (g) na kimo (h) kwa mita:

nishati tuli = mgh

Thamani ya g ni takriban 9.8. Hupungua kidogo kadiri mtu anavyopanda, lakini kati ya Moshi na kilele cha Kibo tofauti yake haifiki asilimia 0.2, kwa hiyo katika hesabu za kawaida huchukuliwa kuwa ileile.

Nishati mwendo ya kusonga ni nishati ya kitu kizima kinachohama kwa kasi v:

nishati ya kusonga = ½mv²

Nishati mwendo ya kuzunguka ni nishati ya kitu kinachozunguka mhimili wake. Kasi ya kuzunguka huandikwa kwa herufi ya Kigiriki ω na hupimwa kwa radiani kwa sekunde:

nishati ya kuzunguka = ½Iω²

Herufi I husimama kwa momenti ya inesha, inayoelezwa hapa chini. Nishati zote hupimwa kwa jouli. Jouli 3,600,000 ni sawa na kilowati-saa moja, yaani uniti moja ya umeme inayonunuliwa kwa luku.

Kwa mfano, mtu mwenye kilo 70 anayepanda kutoka Moshi hadi kilele cha Kibo huongeza nishati tuli yake kwa 70 × 9.8 × 4,995, yaani jouli 3,430,000 hivi. Kiasi hicho hakifiki uniti moja ya umeme. Mwili wa mpandaji hutumia chakula kingi zaidi ya hapo, kwa sababu sehemu kubwa ya nishati ya chakula hugeuka joto.

Momenti ya inesha

Momenti ya inesha hupima ugumu wa kukianzisha au kukisimamisha kitu kinachozunguka. Haitegemei masi peke yake, bali pia umbali wa masi hiyo kutoka kwenye mhimili. Masi iliyo mbali na mhimili huhesabika zaidi, maana kila sehemu ya kitu huchangia masi yake ikizidishwa kwa mraba wa umbali wake.

Kwa kitu cha mviringo chenye masi m na nusu kipenyo R, momenti ya inesha huweza kuandikwa I = kmR², ambapo k ni namba inayotegemea umbo:

- tufe lililojaa, kama gololi ya kioo: k = 2/5
- silinda iliyojaa, kama gogo la mti: k = 1/2
- tufe lenye uwazi na ganda jembamba, kama mpira: k = 2/3
- pete au bomba jembamba, kama rimu ya baiskeli: k = 1

Kubingirika kwenye mteremko

Kitu kinapobingirika bila kuteleza, kasi ya kusonga na kasi ya kuzunguka hufungamana: v = ωR. Nishati tuli iliyopotea huwa sawa na jumla ya nishati mwendo zote mbili:

mgh = ½mv² + ½Iω²

Tukiweka I = kmR² na ω = v/R, masi na nusu kipenyo hufutana pande zote mbili, na hubaki:

v = √(2gh ÷ (1 + k))

Matokeo haya huwashangaza wanafunzi wengi. Kasi ya mwisho haitegemei uzito wa kitu wala ukubwa wake, bali kimo kilichoshukwa na umbo. Gololi ndogo na tufe kubwa la chuma, yakiachwa pamoja juu ya ubao ulioinama, hufika chini pamoja. Lakini tufe, gogo na pete hazifiki pamoja. Kwa kimo cha mita 1, kasi za mwisho ni hizi:

- kitu kinachoteleza bila msuguano: 4.43 m/s, fungu la kuzunguka ni sifuri
- tufe lililojaa: 3.74 m/s, fungu la kuzunguka ni 2/7 ya nishati
- silinda iliyojaa: 3.61 m/s, fungu la kuzunguka ni 1/3
- tufe lenye uwazi: 3.43 m/s, fungu la kuzunguka ni 2/5
- pete: 3.13 m/s, fungu la kuzunguka ni 1/2

Jaribio hili linaweza kufanywa darasani bila maabara. Kinachohitajika ni ubao, gololi, kipande cha gogo na pete iliyokatwa kwenye bomba la plastiki. Mfano mwingine ni mapipa mawili. Pipa tupu lina karibu masi yake yote kwenye ukuta, kwa hiyo hukaribia tabia ya pete. Pipa lililojaa maji huanza kushuka kwa haraka zaidi, kwa sababu mwanzoni ukuta tu ndio unaozunguka, na maji ya ndani husonga mbele pamoja nao bila kuzunguka sana.

Baiskeli ni mfano wa kinyume. Mwendeshaji na baiskeli yake wakiwa na kilo 90 kwa jumla, na rimu na matairi yote mawili yakiwa na kilo 3, fungu la kuzunguka ni takriban asilimia 3 tu ya nishati mwendo yote. Kwa sababu hiyo, katika hesabu ya baiskeli inayoshuka, kuyasahau magurudumu si kosa kubwa. Katika hesabu ya rimu inayobingirika peke yake, kosa hilo hupoteza nusu ya nishati.

Kitu kinachoanguka huku kikizungusha kingine

Kundi la pili la maswali huhusu uzito unaoning'inia kwenye kamba iliyoviringwa kwenye gogo au kapi. Mfano wake ni kisima chenye gogo la kuzungushia kamba ya ndoo.

Tuseme ndoo ya maji ina kilo 10, gogo lina kilo 20 na nusu kipenyo cha mita 0.1, na kisima kina kina cha mita 5. Ndoo ikiachiwa kutoka juu, nishati tuli inayopotea ni 10 × 9.8 × 5 = jouli 490. Gogo ni silinda iliyojaa, kwa hiyo I = ½ × 20 × R². Tukiweka ω = v/R, mlinganyo huwa:

490 = ½ × 10 × v² + ½ × (½ × 20) × v²

490 = 10v²

v = 7 m/s

Bila gogo, ndoo ingefika chini kwa kasi ya 9.9 m/s. Gogo limechukua nusu ya nishati, yaani jouli 245, na ndoo imebaki na nusu nyingine.

Hesabu hiyohiyo huonyesha hatari. Ndoo inapofika chini kwa 7 m/s, gogo huzunguka kwa radiani 70 kwa sekunde, yaani mara 11 hivi kila sekunde. Mkono wa chuma wa kuzungushia, ukiwa na urefu wa mita 0.3 kutoka kwenye mhimili, ncha yake huwa na kasi ya 21 m/s, sawa na kilomita 76 kwa saa. Ndoo ikimponyoka mtu, anayejaribu kuukamata mkono huo anaweza kuvunjika mfupa. Hii ndiyo sababu gogo la kisima huwekewa kizuizi cha meno au breki ya mbao, na ndiyo sababu mtu hufundishwa kuruka nyuma badala ya kuushika.

Historia

Galileo Galilei alieleza majaribio yake ya kubingirisha matufe kwenye ubao ulioinama katika kitabu alichotoa mwaka 1638. Aligundua kwamba umbali huongezeka kwa mraba wa muda, lakini hakujua fungu la kuzunguka. Matufe yake yalichapuka kwa 5/7 tu ya kiwango ambacho yangekuwa nacho kama yangeteleza bila msuguano.

Mwaka 1673 Christiaan Huygens alichapisha uchunguzi wake wa pendulo zenye umbo lolote, akitumia wazo kwamba kitovu cha uzito cha mfumo hakiwezi kupanda juu ya kimo kilikoanzia. Wazo hilo lilikuwa hatua kubwa kuelekea kanuni ya hifadhi ya nishati. Gottfried Leibniz alidai mwaka 1686 kwamba kipimo sahihi cha nguvu ya kitu kinachosonga hutegemea mraba wa kasi. Willem 's Gravesande wa Uholanzi aliangusha matufe kwenye udongo laini na kukuta kwamba kina cha shimo hulingana na mraba wa kasi, na Émilie du Châtelet wa Ufaransa aliyatetea matokeo hayo katika maandishi yake.

Leonhard Euler aliweka hesabu ya momenti ya inesha katika kitabu chake cha mwaka 1765 kuhusu mwendo wa vitu vigumu. George Atwood wa Uingereza alieleza mwaka 1784 mashine ya mizigo miwili, kamba na kapi, ambayo bado hutumika katika mafunzo ya fizikia.

Hatua ya mwisho ilikuwa kuliingiza joto katika hesabu. Katika miaka ya 1840 James Prescott Joule aliacha mizigo ishuke polepole huku ikizungusha mapangaboi madogo ndani ya chombo cha maji. Maji yalipata joto, na kiasi cha joto hilo kililingana na kimo kilichoshukwa na mizigo. Pamoja na kazi za Julius Robert Mayer (1842) na Hermann von Helmholtz (1847), jaribio hilo lilisaidia kuithibitisha kanuni ya hifadhi ya nishati. Kipimo cha jouli kimepewa jina la Joule.

Mifano ya Kilimanjaro

Maporomoko na mifongo

Maporomoko ya Materuni, juu ya mji wa Moshi, hutajwa kuwa na kimo cha mita 80 hivi. Bila upinzani wa hewa, maji yake yangefika chini kwa kasi ya takriban 39.6 m/s. Kwa kweli hewa huyavunja kuwa matone na kuyapunguza kasi, na mwendo unaobaki huishia katika msukosuko wa bwawa la chini. Kama nishati yote ingegeuka joto na kubaki ndani ya maji, joto lake lingepanda kwa nyuzi 0.19 za Selsiasi tu. Kimo kinachoonekana kikubwa kwa macho huleta joto dogo, kwa sababu maji huhitaji jouli 4,190 hivi kwa kila kilo ili kupanda nyuzi moja.

Mifongo ni mifereji ya asili ya Wachagga inayochukua maji ya mito juu mlimani na kuyapeleka kwenye vihamba na mashamba. Mfongo hufuata ubavu wa mlima kwa mwinamo mdogo sana. Kwa lugha ya nishati, mchimbaji wa mfongo huyatunzia maji kimo chake: hupoteza kiasi kidogo tu kinachohitajika kushinda msuguano wa kingo, ili maji yafike shambani yakiwa bado juu. Mwinamo ukizidi, nishati ya ziada hugeuka kasi, na kasi hiyo humomonyoa kingo.

Umeme wa maji

Maji ya miteremko ya kusini ya Kilimanjaro hushukia mito ya Kikuletwa na Ruvu, inayokutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu na kuendelea kama Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Kwenye mto huo viko vituo vya umeme vya Nyumba ya Mungu (megawati 8), Hale (megawati 21) na Maporomoko Mapya ya Pangani (megawati 68). Kikuletwa, katika Wilaya ya Hai, kipo kituo cha zamani kilicho chini ya Chuo cha Ufundi Arusha.

Katika kituo cha umeme, kuanguka hugeuzwa kuwa kuzunguka kwa makusudi. Mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000. Ikishuka mita 100 kila sekunde, hutoa kilowati 980 kabla ya hasara za mabomba na mashine. Kimo kikiongezeka, maji machache hutosha. Kituo cha Kihansi, kusini mwa Tanzania, kina megawati 180 kwa kimo cha mita 850 hivi, ambapo kila mita moja ya ujazo kwa sekunde ina zaidi ya megawati 8.

Kihansi hutumia turbini za aina ya Pelton, ambazo mchirizi wa maji hupiga vikombe vilivyopangwa kwenye ukingo wa gurudumu. Vikombe vikienda kwa nusu ya kasi ya mchirizi, maji hurudishwa nyuma na kudondoka yakiwa karibu yamesimama, maana yake yameacha nishati yake karibu yote kwenye gurudumu.

Turbini na jenereta vikiwa vinazunguka huwa pia ghala la nishati. Njia ya umeme ikikatika ghafla, maji huendelea kusukuma lakini hakuna mzigo wa kuipokea nishati hiyo. Nishati yote huingia kwenye kuzunguka na kasi hupanda. Kwa hiyo kila kituo huwa na kidhibiti kinachofunga njia ya maji kabla mashine haijaharibika.

Mawe yanayoporomoka

Katika sehemu za juu za Kibo, maji huingia kwenye nyufa za miamba, huganda usiku na kuyeyuka mchana. Barafu ikiyeyuka, mawe iliyoyashikilia huachiwa. Tarehe 4 Januari 2006 wapanda mlima watatu kutoka Marekani walikufa kwa kuangukiwa na mawe kwenye njia ya Western Breach, upande wa magharibi wa Kibo. Njia hiyo ilifungwa kwa muda baada ya ajali.

Hesabu ya nishati huonyesha kwa nini hata jiwe la kawaida ni la kuogopwa. Jiwe la kilo 50 likishuka kimo cha mita 100 hupoteza nishati tuli ya jouli 49,000. Hiyo ni karibu sawa na nishati mwendo ya gari la kilo 1,000 linalokwenda kilomita 36 kwa saa. Jiwe la umbo la tufe linalobingirika bila kuteleza lingefikia 37.4 m/s. Likianguka moja kwa moja bila kizuizi lingefikia 44.3 m/s. Jiwe halisi hudunda, huvunjika na kusuguana na mwamba, kwa hiyo kasi yake haiwezi kutabiriwa kwa usahihi. Lakini jiwe lililoanza likiwa limetulia haliwezi kuzidi 44.3 m/s, na kikomo hicho hupatikana bila kujua njia lililopita. Kwa sababu mawe hushikiliwa na barafu, sehemu kama hizo huvukwa mapema asubuhi kabla ya jua kuzipiga.

Breki za magari

Kutoka lango la Marangu la Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro hadi Himo, barabara hushuka takriban mita 1,000. Lori la kilo 10,000 linaloshuka hapo hupoteza nishati tuli ya jouli milioni 98, sawa na uniti 27 za umeme. Likianza na kumaliza safari kwa kasi ileile, nishati hiyo yote lazima igeuke joto.

Kama lingetegemea breki peke yake, na breki hizo zikiwa na chuma cha kilo 200 kisichopoteza joto lolote hewani, chuma hicho kingepanda joto kwa zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi. Hewa hupooza breki kwa kiasi, lakini breki hushindwa kufanya kazi kabla ya kufikia joto hilo. Dereva anayeshuka kwa gia ndogo huifanya injini ichukue sehemu kubwa ya nishati na kuitoa kupitia ekzosi na rejeta. Gia hiyo huwekwa kabla ya mteremko kuanza, kwa kuwa gari likishachanganya kasi ni vigumu kuiingiza.

Mipaka ya njia hii

Hesabu ya nishati hutoa kasi, lakini peke yake haitoi muda wa safari, mwelekeo wa mwendo, wala kani iliyopo kwenye kamba au mhimili. Kwa maswali hayo hutumika pia kanuni za mwendo za Newton.

Jambo jingine linalochanganya ni msuguano. Kitu kinapobingirika bila kuteleza, ule msuguano unaokizungusha haugeuzi nishati kuwa joto, kwa sababu sehemu inayogusa ardhi imetulia kwa nukta hiyo. Kazi ya msuguano huo ni kuhamisha nishati kutoka fungu la kusonga kwenda fungu la kuzunguka. Mteremko ukiwa mkali au ardhi ikiwa na utelezi, kama udongo wa mlimani wakati wa masika, kitu huanza kuteleza. Hapo v = ωR haitumiki tena, na fungu la joto lazima lihesabiwe. Pete huteleza mapema kuliko tufe, kwa kuwa huhitaji msuguano mkubwa zaidi ili izunguke.

Katika kila swali, hatua za kwanza ni zilezile: kutaja kimo cha mwanzo na cha mwisho, kuorodhesha kila kitu kinachosonga au kuzunguka, kisha kuuliza kama kuna nishati iliyogeuka joto. Jumla ya pande mbili isipolingana, kuna fungu lililosahauliwa.

Tazama pia

- Nishati
- Graviti
- Msuguano
- Mto Pangani
- Kilimanjaro